Cha Mvunguni Bila Kuinama

Machi 2005 kampuni ya Ethicon, iliyo chini ya Johnson & Johnson, ilianza kuuza Marekani boksi lenye kila kitu ambacho daktari wa wanawake angehitaji ili kurudisha kizazi kilichoshuka. Ndani yake mlikuwa na wavu wa plastiki uliokwisha kukatwa, wenye mikono mirefu sita. Chuma kilichopinda chenye mpini. Mirija laini ya kupitishia. Na vitanzi vya kuvutia ile mikono hadi nje. Boksi liliitwa Prolift. Kampuni haikuliombea idhini mpya kwa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo. Ilijihesabia kwamba idhini ya wavu wake wa awali, Gynemesh, iliyotolewa 2002, ilitosha. FDA ilikuja kulitambua jambo hilo 2007, kampuni ilipopeleka maombi ya toleo lililofuata. Idhini ikatoka Mei 2008. Kwa miaka mitatu wanawake walikuwa wakiwekewa mwilini kitu ambacho mdhibiti hakuwa amekikagua.

Prolift haikuwa peke yake. Maboksi ya Perigee na Apogee yalitangulia 2004, na kampuni nyingine zikafuata na yao. Habari hii husimuliwa mara nyingi kama habari ya plastiki mbaya, na plastiki kweli ina kesi ya kujibu. Lakini mimi naisoma kama habari ya mkono na jicho. Kifaa kiliundwa kumrahisishia mpasuaji sehemu ngumu kuliko zote katika kazi yake. Ugumu ule haukwisha. Ulihamishwa kutoka mgongoni mwa daktari ukaenda kukaa ndani ya nyonga ya mama.

Kizazi hushuka pale misuli na kano za sakafu ya nyonga zinapolegea au kuchanika. Uzazi ndio chanzo kikuu, hasa uchungu uliochukua muda mrefu na mtoto mkubwa. Umri na kukoma hedhi huongeza. Kikohozi kisichoisha, choo kigumu na mizigo mizito ya miaka nenda miaka rudi huzidisha. Pengine kinachoshuka si kizazi peke yake: kibofu huusukuma ukuta wa mbele wa uke, au utumbo ukausukuma wa nyuma. Mama huhisi kitu kinaning'inia. Mkojo hukwama, au hutoka bila ridhaa. Wengi hunyamaza kwa aibu. Ni nadra sana ugonjwa huu kuua, na hilo ni la kukumbukwa katika yote yanayofuata: tiba yake inatolewa ili mtu aishi kwa raha, kwa hiyo tiba inayomwondolea raha hiyo haina kisingizio.

Sasa tazama kazi yenyewe ilivyo. Mgonjwa amelala chali, miguu imeinuliwa na kutenganishwa kwenye vishikio. Mpasuaji anakaa katikati. Njia yake ni uke: mwembamba, wenye kina, wenye giza. Wasaidizi wanasimama pembeni wakivuta vyuma bapa vya kupanua njia, shingo zimepinda, na mara nyingi hawaoni kinachofanywa. Meza ikiwa juu, mabega ya mpasuaji yanaumia. Ikiwa chini, mgongo unalipa. Taa ya dari inazibwa na kichwa chake mwenyewe, ndiyo maana wengi huvaa taa kwenye paji la uso. Maumivu ya shingo, mabega na kiuno ni malalamiko ya kila siku kwa madaktari wanaopasua kwa njia hii. Na anayejifunza taabu yake ni kubwa zaidi, kwa sababu nyuma ya bega la mwalimu haonekani uzi wala sindano. Ujuzi huu hupita polepole, mtu kwa mtu.

Pahali pagumu kabisa ni kwenye kano nene iliyo ndani, inayotoka kwenye mwiba wa mfupa wa nyonga kwenda mwisho wa chini wa uti wa mgongo. Mafundi wa njia hii huutundika ukuta wa uke kwenye kano hiyo kwa uzi. Jirani na mwiba huo hupita neva inayohudumia sehemu za siri, pamoja na mishipa ya damu ambayo ikitobolewa ni shida kuizuia. Uzi lazima upite kwenye kano, mbali kidogo na mwiba, mahali ambapo sindano ya kawaida haina nafasi hata ya kugeuka.

Watu walihangaika na pahali hapo kwa vizazi. Walitumia sindano ya Deschamps, yenye shingo ndefu iliyojipinda, iliyobuniwa na mpasuaji Mfaransa wa karne ya 18 kwa kazi nyingine kabisa, ya kufunga mishipa ya damu. Mwaka 1987 Frank Miyazaki akaeleza ndoano yake, iliyokuja kuitwa Miya, inayoingia kwenye kano kwa mwelekeo ambao mkono unaumudu bila kujipinda. Baadaye kikaja Capio, kifaa cha kubonyeza kinachosukuma sindano kwenye kano na kuidaka upande wa pili. Hivyo ni vifaa vya heshima. Kila kimoja kilipunguza taabu ya kiwiko na bega, lakini hakuna kilichomwondolea daktari wajibu wa kufika kwenye kano, kuipapasa na kujua kilicho karibu nayo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na vifaa hivyo vilimfundisha mtu kuinama vizuri.

Maboksi ya 2004 na 2005 yaliahidi cha mvunguni bila kuinama. Badala ya mpasuaji kufanya kazi yote kutokea ndani, chuma kilichopinda kilitobozwa kutokea nje: vitundu viwili kwenye kinena cha kulia na viwili cha kushoto kwa mikono ya mbele ya wavu, na kimoja kwenye kila tako kwa mikono ya nyuma. Chuma kilipita kwenye nyama na misuli, kikapenya tundu la mfupa wa nyonga au kikaelekea kwenye ile kano ya ndani, huku kidole cha daktari kikiwa ndani ya uke kinaisubiri ncha. Jicho halikuwa na kazi. Mrija ukabaki njiani, kitanzi kikaingia, mkono wa wavu ukavutwa hadi nje, kilichozidi kikakatwa kwenye ngozi. Hakukuwa na haja ya kushona kwa muda mrefu kwenye kina, wala ya kumtesa msaidizi kwa kuvuta vyuma saa nzima.

Njia yenyewe ilitoka Ufaransa, kwa kundi la wapasuaji tisa ambao miongoni mwao walikuwa Bernard Jacquetin wa Clermont-Ferrand na Michel Cosson wa Lille. Hao walikuwa mabingwa, watu walioijua nyonga kwa vidole vyao, na walikuwa wamepasua kwa njia za zamani kabla ya kubuni mpya. Kampuni iliweza kuweka kwenye boksi chuma walichotumia. Vidole vyao havikuwekeka. Daktari wa kawaida, ambaye labda hushughulikia kizazi kilichoshuka mara chache kwa mwaka, alihudhuria mafunzo mafupi, akajaribu kwenye maiti, akarudi hospitalini kwake na boksi. Kabla ya hapo, mgonjwa wa namna hiyo angempeleka kwa bingwa, maana ugumu wa ile kano ulikuwa ukimwambia kwamba kazi hiyo si yake. Boksi lilikinyamazisha kile kilichokuwa kikimwonya. Katika habari yote hii, hapo ndipo ninapopaogopa zaidi.

Elimu ya kuipatanisha kazi na mwili wa anayeifanya, ergonomia, ni elimu njema, na hospitali zetu zinaihitaji sana. Daktari anayeumwa mgongo saa ya tatu ya upasuaji hawezi kushona sawasawa. Ila kwenye chumba cha upasuaji kuna miili miwili, na kifaa kinaweza kumpumzisha mmoja kwa gharama ya mwingine.

Gharama hiyo ilikuwa hivi. Wavu ni wa nyuzi za polipropilini. Ukiwekwa mwilini, nyama huota kwenye matundu yake na kovu hujikunja; kovu likijikunja, wavu hujikunja nalo. Kama mikono yake imepita kwenye misuli ya nyonga na ya paja, kujikunja huko kunavuta misuli, kwa hiyo mama anaposimama, anapokaa, anapopanda ngazi, anavutwa. Mpasuaji hakuweza kuona kama wavu umelala bapa au umekunjamana, wala kupima kwa jicho kama mikono imekazwa kupita kiasi. Alikadiria. Halafu ukuta wa uke ni mwembamba, hasa kwa aliyekoma hedhi, na unakaa na bakteria wake siku zote. Kidonda chake kisipofunga vizuri, wavu huchomoza. Wanawake walilalamika kutokwa na damu, maambukizi yasiyokwisha, na tendo la ndoa lililogeuka mateso. Baadhi ya waume walikwaruzwa na nyuzi zilizotokeza. Kuna ambao wavu ulitoboa kibofu chao au utumbo wao.

Kuutoa ni habari nyingine. Mpasuaji aliyeuingiza kwa urahisi hana njia rahisi ya kuutoa, kwa sababu nyama imekwisha kuota ndani yake na mikono imelala kwenye njia ambazo hakuwahi kuziona kwa macho. Mara nyingi hutolewa vipande, kwa upasuaji zaidi ya mmoja, na kuna vinavyobaki humo maisha yote. Boksi lilikuja na chombo cha kuingiza. Cha kutolea hakikuwamo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini madaktari wenye akili timamu walikubali. Walikuwa na sababu. Utafiti wa Olsen na wenzake huko Oregon, uliochapishwa 1997, ulionyesha kwamba kati ya wanawake waliofanyiwa upasuaji wa kushuka viungo vya nyonga au wa mkojo kujitokea, 29 katika kila 100 walikuwa wamewahi kupasuliwa kwa tatizo hilo kabla. Jaribio la 2001 la ushonaji wa ukuta wa mbele lilitoa matokeo ya kukatisha tamaa zaidi: kwa kipimo chake kikali, waliohesabiwa kupona baada ya ushonaji wa kawaida walikuwa takriban 30 katika 100. Ukisoma hivyo, unaona nyama za mama mwenyewe hazitoshi, zinahitaji kuungwa. Lakini mwaka 2011 takwimu za jaribio hilohilo zilipimwa upya, safari hii kwa swali ambalo mgonjwa mwenyewe angeliuliza, yaani kama kitu bado kinatokeza nje ya uke. Waliofaulu wakawa 88 katika 100. Kipimo cha kwanza kilikuwa kinadai umbo kamilifu ambalo hata wanawake wengi wasio na tatizo lolote hawana. Tiba nzito ikawa imetafutiwa tatizo lililokuzwa na rula.

Sababu ya pili ilikuwa sheria. Utaratibu wa Marekani uliotokana na sheria ya 1976 unaruhusu vifaa vingi vipite iwapo mtengenezaji ataonyesha kwamba kifaa chake kinafanana vya kutosha na kingine kilichokwisha kuwa sokoni, bila kulazimika kukijaribu kwanza kwa wagonjwa. ProteGen, utepe wa kuzuia mkojo wa Boston Scientific, ulipita 1996. TVT, utepe wa Ethicon, ikapita 1998 kwa kulinganishwa na ProteGen. Mwaka uliofuata ProteGen ikaondolewa sokoni kwa madhara yake. Vilivyopita kwa kulinganishwa nayo havikuguswa.

Onyo la kwanza la FDA lilitoka Oktoba 2008, baada ya ripoti zaidi ya 1,000 katika miaka mitatu. Lilisema madhara ni nadra. Julai 2011 likaja la pili: kati ya 2008 na 2010 zilikuwa zimeingia ripoti 2,874 za nyavu za nyonga kwa jumla, 1,503 kati yake zikihusu viungo vilivyoshuka, na sasa mamlaka ikatamka wazi kwamba madhara makubwa si nadra. Januari 2012 ikaziagiza kampuni zifanye utafiti ambao ulipaswa kutangulia mauzo. Miezi mitano baadaye Johnson & Johnson ikatangaza kwamba inaacha kuuza Prolift. Mwaka 2016 nyavu hizo zikahamishiwa daraja la juu kabisa la hatari, na tarehe 16 Aprili 2019 kampuni mbili zilizokuwa zimesalia, Boston Scientific na Coloplast, zikaamriwa kuacha kuziuza kwa upasuaji wa kupitia ukeni. Kesi zaidi ya 100,000 zilikuwa zimekwisha kufunguliwa katika mahakama ya shirikisho huko West Virginia.

Uingereza walilipata jibu lao 2017, katika jaribio kubwa la PROSPECT: wavu haukuwapa wanawake nafuu kuliko ushonaji wa kawaida kwa miaka miwili ya mwanzo, na zaidi ya mmoja katika kila kumi waliowekewa wavu alipata tatizo litokanalo na wavu wenyewe. Hata hivyo matumizi hayakusimamishwa kwa hisani ya taasisi. Huko Scotland, wagonjwa wawili, Elaine Holmes na Olive McIlroy, ndio waliopeleka ombi bungeni 2014 na kuisukuma serikali hadi waziri wa afya, Alex Neil, akaomba matumizi yasimamishwe. Australia iliamua kuziondoa nyavu hizo kwenye orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa mwishoni mwa 2017, mwaka uliofuata serikali ikaomba radhi, na Novemba 2019 Jaji Anna Katzmann akaamua kwamba Ethicon ilizembea na kushindwa kuwaonya madaktari na wagonjwa. Huko Uingereza, ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Baroness Cumberlege, ya Julai 2020, ilikusanya ushahidi wa mamia ya Waingereza. Kinachorudiwa humo ni kutosadikiwa: mama aliyesema anaumia aliambiwa ni umri, ni uzazi, ni mawazo yake. Hata idadi ya waliowekewa wavu nchini humo ilikosekana, kwa kuwa hakukuwa na daftari.

Anayehitimisha kwamba wavu ni haramu popote ulipo na aitazame Uganda. Mashariki mwa nchi hiyo, katika jaribio lililochapishwa 2016, wanaume 302 wenye ngiri ya kinena walipasuliwa; nusu waliwekewa wavu wa kibiashara na nusu kitambaa cha chandarua cha mbu kilichotakaswa, ambacho bei yake ni ndogo mno. Baada ya mwaka mmoja matokeo hayakutofautiana kwa maana yoyote. Ngiri hufikiwa kupitia ngozi iliyosafishwa, wavu hutandazwa juu ya misuli mpasuaji akiuona, hushonewa mahali pake, na ukileta shida anajua ulipo. Hata kwa kizazi kilichoshuka, wavu unaowekwa kwa kupitia tumboni na kufungwa kwenye mfupa wa sakramu bado unatumika, na amri ya FDA ya 2019 haikuugusa. Nao una madhara yake, lakini si sawa na ule wa maboksi.

Kwetu Afrika Mashariki nyavu za ukeni hazikuenea kama huko, na sababu kubwa nadhani ni bei. Umaskini ulitukinga, jambo ambalo si la kujivunia. Wavu mwingine ujao unaweza kuwa wa bei nafuu, au ukaja kama msaada, pamoja na mkufunzi wa siku mbili. Tanzania ina TMDA, Kenya ina Bodi ya Famasia na Sumu, na mamlaka hizi zina haki ya kuuliza ni nani aliyejaribiwa kifaa, kwa muda gani, na kama yupo nchini mtu anayejua kukitoa. Muhuri wa Marekani au Ulaya usiwe jibu la maswali hayo, maana Prolift nayo ilikuja kuupata.

Na wewe msomaji, au mama yako, au dada yako, mkiambiwa kizazi kimeshuka, anzeni na yasiyo na kisu: mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga, na pete ya silikoni inayowekwa ukeni kushikilia viungo, ambayo inatolewa, inaoshwa na kurudishwa. Ikibidi kupasuliwa, ulizeni kama nyama za mwili wenyewe zinatosha kushonwa, na muulizeni daktari amefanya upasuaji wa namna hiyo mara ngapi. Asikasirike, ni swali la haki. Ikiwa kuna kitu kitakachoachwa ndani, kabla ya kusaini ulizeni kitatolewaje na nani, kisha mdai jina lake, namba yake na tarehe viandikwe kwenye karatasi mtakayokwenda nayo nyumbani.